Upande wa Ndani wa Moto

Wiki chache zilizopita jirani yangu alileta fundi wa kumkandikia banda la kuku. Fundi akamwaga udongo wa kichuguu uani, akaukatia majani makavu, akatia majivu na maji, akavua viatu na kuanza kuukanyaga. Mimi nilikuwa naanika nguo. Harufu ile iliponifikia niliacha kuanika, nikabaki nimesimama na shati bichi mkononi. Kwa kitambo nilikuwa tena mtoto aliyesimama nyuma ya Landrova kuukuu, tope limemfika magotini, akisubiri baba yake aseme udongo umelainika vya kutosha.

Watu wa rika langu tukikaa kukumbuka utoto, kila mmoja anaanza na nyumba. Utasikia mtu anasema nyumba yetu ya Mwanjelwa, nyumba ya babu kule Tukuyu, nyumba za shirika alikofanya kazi baba. Mimi huwa nachelewa kuingia kwenye mazungumzo hayo, kwa sababu miaka yangu ya mwanzo haina nyumba. Tuliishi barabarani. Msidhani tulikuwa ombaomba au tumefukuzwa mahali. Wazazi wangu walikuwa wanajitolea. Walizunguka vijijini kufundisha watu kujenga majiko ya udongo, yale ya kuziba moto pande zote yanayokula kuni kidogo na kutoa moshi kidogo, na mimi nilizunguka nao kwa kuwa nilikuwa mtoto wao wa pekee na hapakuwa na pa kuniacha.

Baba alikuwa Msangu wa Chimala, fundi mwashi. Mama alikuwa Mnyakyusa, na chanzo cha yote kilikuwa yeye. Mama yake mzazi alipofuka akiwa bado na nguvu za kulima, na mama aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba ni moshi wa jikoni uliommaliza macho. Hakuna daktari aliyemwambia hivyo, lakini hakuna pia aliyeweza kumwambia vinginevyo. Wazazi wangu walikuwa wamepanga chumba Uyole. Siku moja, kabla sijajua kukumbuka, walikirudisha kwa mwenyewe, wakapakia godoro, sepetu, masufuria na mimi kwenye Landrova aliyoinunua baba ikiwa mbovu na kuifufua, wakaondoka. Kikundi cha wanawake wa kanisani kiliwasaidia dizeli pale kilipoweza. Vilivyobaki tulipewa na vijiji: viazi, maharage, ndizi, na siku ya kuondoka mara nyingi kuku aliyefungwa miguu, ambaye nilisafiri naye nyuma tukitazamana.

Nilipenda mengi katika maisha yale, nisiseme uongo. Nyuma ya gari kulikuwa na turubai, na mvua ikinyesha juu yake nililala usingizi ambao sijaupata tena kwenye nyumba ya bati. Nilijua soko la Mbalizi kwa pua kabla sijalijua kwa macho. Nilijua kwamba ukishuka Usangu unavua sweta na ukipanda kwenda Rungwe unalivaa, na kwamba mama akianza kuimba kwa Kinyakyusa tumekaribia kwao. Chakula chetu wenyewe tulikipika kwa jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, na wanawake wa vijijini walimtania sana mama kwa hilo. "Fundi wa majiko hana jiko," walimwambia, naye alicheka nao.

Kazi ilikwenda hivi. Tukifika kijijini, wanawake wanachagua nyumba moja ya mfano. Baba na mama wanajenga jiko la kwanza humo, wengine wakitazama na kukanyaga udongo, kisha kila mmoja anakwenda kujenga la kwake na baba anapita nyumba hadi nyumba kurekebisha. Tundu la moto lilitengenezwa kwa kulaza kipande cha mgomba katikati ya udongo, kikachomolewa ukishashika. Halafu tunasubiri likauke. Udongo mbichi ukiwashiwa moto unapasuka, kwa hiyo wiki zilipita tukisubiri. Likikauka, mwenye nyumba anawasha moto wa kwanza, anapika chochote, tunakula, na kesho yake tunaondoka.

Sasa hebu jiwekeni kwenye kichwa cha mtoto anayeona hayo tu, kijiji baada ya kijiji. Nilikuwa nimeona kwamba watu hujenga jiko mahali wanapokaa. Sisi tulikuwa tunajenga majiko. Kwa hiyo niliamini kwamba kila jiko tulilolijenga tulikuwa tunajijengea sisi, tupate pa kukaa, na kwamba kila lilipokauka mwenye nyumba alikuwa anatunyang'anya na kutupa kuku kama fidia. Niliwanunia sana wenye nyumba siku za kuondoka. Mama alidhani nina haya.

Nakumbuka nilimuuliza baba, akiwa amelala kifudifudi anasawazisha mdomo wa jiko huko karibu na Tukuyu.

"Baba, hili ni letu?"

"La mama mwenye nyumba hili."

"La kwetu lini?"

"La kwetu tutajenga," akasema, akaendelea kusawazisha.

Mtu mzima angesikia jibu la mtu mwenye kazi mikononi. Mimi nilisikia ahadi, na tangu siku hiyo kila kijiji tulichoingia nilikikagua kwanza kuona kama ndicho.

Ndipo tukapanda Iringa. Tulipita mjini kununua chumvi na sabuni kwenye duka la Mhindi mmoja aliyempa mama peremende za kunipa, kisha tukashika njia ya Kilolo mpaka kijiji kimoja cha juu sana, ambako ukungu ulikuwa haujaondoka saa nne asubuhi na watoto wa shule walitembea na mikono imefichwa ndani ya masweta. Nyumba ya mfano ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Wanawe walikuwa mbali, wengine Dar es Salaam, wengine kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Sisi sote tulimwita Bibi tu. Alikuwa mrefu, mkavu, na alisalimia kwa kukushika mkono na kuendelea kuushika mpaka umalize kujibu kila kitu alichouliza.

"Kamwene," alimwambia mama siku ya kwanza. "Mmelala? Mmeamka? Gari imelala? Huyu mtoto anakula?"

"Anakula, mama."

"Mbona mwembamba hivi?"

Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo chenye mlango mfupi. Katikati palikuwa na mafiga matatu, na juu ya moto uchaga uliojaa mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi, ambayo mdudu haingii kwa sababu ya moshi. Baba alitazama pale juu, akakohoa, akasema tutajenga ukutani na mafiga tutayatoa. Bibi alisema sawa. Mtu wa kule akiambiwa na mgeni kwamba kitu chake ni kibaya, anasema sawa. Lile lilikuwa jambo ambalo wazazi wangu, wenyeji wa kwingine, hawakuwa wamelijua bado.

Tulijenga jiko zuri kuliko yote. Migomba haikuwepo karibu, baba akatumia gogo laini lililofungwa gunia. Mama alilipaka udongo mwekundu na kuchora majani pembeni, kitu ambacho hakukifanya mahali pengine. Lilipopata nguvu ya kupikiwa maji, Bibi aliyapika, akasifu, kisha jioni akaenda nje kuyachukua mafiga yake, akayapanga palepale katikati na kuwasha moto wa pili.

Baba alimtazama akiwa ameshika tochi.

"Bibi, tumejenga hili ili uache lile."

"Hii jiko ni nzuri, mwanangu. Inapika upesi. Lakini moto yake imeificha. Sasa mimi nitaota nini? Na mbegu zangu zitakula moshi gani?"

"Kwa hiyo utawasha mioto miwili?"

"Moja ya kupika, moja ya watu," Bibi akasema, akamsogezea kigoda.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Baba alinuna siku nzima, kwa sababu alikuwa amekuja kupunguza kuni na sasa nyumba ya mfano ilikuwa inachoma mara mbili. Kule Usangu hakuna anayeota moto, na Rungwe hakuna aliyelalamika mbele yetu. Ilibidi akae chini na mafundi wanawake wa kijiji wafikirie upya: jiko lenye mdomo mpana unaoacha mwanga na joto litoke, karibu na katikati, chini ya uchaga. Kazi iliyokuwa ya wiki chache ikawa ya miezi. Mimi nilifurahi. Ukungu ulizuia udongo kukauka, na kila asubuhi nilipochungulia nje na kutoona miti niliona mambo yetu yanakwenda vizuri.

Jioni zote tulikaa kwenye moto ule wa watu, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kimebaki mwilini mwangu. Nyumbani kwa Bibi, na kwa majirani zake pia, moto ulikuwa na pande mbili. Upande wa mlango ni wa wageni. Upande wa ndani, chini ya uchaga, ni wa wenye nyumba, kwa kuwa nyuma yake ndiko kulikokaa unga, mboga, chumvi na mitungi, na mgeni akikaa huko atakuwa amekaa mbele ya chakula cha watu kama mlinzi. Hakuna aliyekwambia. Ulitandikiwa gunia mahali, ukakaa. Sisi tulitandikiwa upande wa mlango, baba, mama na mimi katikati yao, na upepo ulitupiga migongoni.

Jioni moja Bibi alikuwa anasonga ugali, akaniomba mwiko mdogo uliokuwa ukutani nyuma yake. Nikazunguka moto, nikampa. Nilipotaka kurudi akanishika mkono.

"Kaa hapahapa," akasema. Kisha akamtazama mama. "Nimpe kazi huyu?"

"Mpe," mama alijibu. Nakumbuka aliutazama moto wakati anajibu.

Akanitandikia gunia pembeni yake. Kesho yake lilikuwa palepale. Nikawa mtu wa kuchukua unga, kutoa chumvi, kusogeza kuni, kuangalia viazi visiungue. Nilikuwa na joto mgongoni kwa mara ya kwanza tangu tupande milima ile. Kichwani mwangu hesabu ilifungwa: tumekubaliwa. Niliona baba na mama bado wamekaa mlangoni, lakini nilidhani kila mtu anahamishwa kwa zamu yake, mdogo kwanza.

Baada ya hapo dalili zilifuatana, na zote nilizisoma upande ninaoutaka. Baba alipasua kuni akazipanga ukuta mzima wa nyuma, nikajua tunajiandaa na masika. Mama alinunua kitambaa cha bluu gulioni, akanishonea sketi kwa mkono, nikajua nitasoma. Alininunulia blanketi zito la kwangu peke yangu. Mwalimu mkuu alikuja, akaongea na baba, akaniambia ninyooshe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili, nikashika, akasema anafaa. Mnakumbuka kipimo hicho, nyinyi wenzangu. Nilitembea kijiji kizima nikimshikia sikio kila niliyekutana naye.

Jiko la pili lilipowashwa, lile lenye mdomo mpana, Bibi aliyaondoa mafiga yake mwenyewe bila kuambiwa. Tulikula kuku. Nikiwa nimekaa upande wa ndani niliwatazama wazazi wangu ng'ambo ya moto nikawaza kwamba hatimaye baba ametimiza neno lake, tumejenga la kwetu.

Siwezi kusema walinidanganya. Asubuhi yake mama aliniogesha, akanipaka mafuta mpaka ndani ya masikio, akachuchumaa mbele yangu.

"Utakaa na Bibi, utasoma. Mimi na baba tunakwenda. Tutarudi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Bibi ukimsumbua nitajua."

"Sitamsumbua."

Nilisikia kila neno. Ila kule Mbalizi nilikuwa nimewaona watu wakihama. Mmoja anabaki kwenye nyumba mpya kulinda, wengine wanarudi kufuata vyombo. Nikaona ni haki nibaki mimi, maana mimi ndiye niliyekaa upande wa ndani. Mama alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili safari ya kufuata vyombo. Baba hakushuka kwenye gari, alinipungia akiwa ameshika usukani, akatazama mbele. Niliwapungia kwa adabu kama mwenye nyumba anayesindikiza watu, na gari lilipoingia kwenye ukungu nilirudi jikoni kuosha sufuria. Bibi alisimama mlangoni akinitazama, akasema kitu kwa Kihehe ambacho sikukielewa.

Siku zilipita. Nilifagia uwanja kila jioni ili vyombo vikifika vipate pa kuwekwa. Nilimwambia mtoto wa jirani asiache mbuzi wake pale kwa sababu gari letu litapita. Ilifika wakati hata yeye akaniuliza vyombo gani, mbona watu wamesema wazazi wako wako Makete. Nilimpiga. Kisha nikaenda kumuuliza Bibi, naye hakuzunguka.

"Wako kazini. Wewe uko shule. Mvua ikiisha watakuja kukuona."

Kukuona. Nilielewa hapo. Nililia, nikagoma kula, nikalala na sketi ya shule, nikamchukia mama kwa jina lake kamili. Nilikuwa na uchungu ambao sijui niuite nini hata leo, kwa kuwa nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimekipata: palikuwa na nyumba, moto, blanketi, mahali pa kukaa. Wao tu ndio hawakuwemo. Bibi aliniacha nilie. Jioni akanitandikia gunia langu, akaniwekea kiazi cha kuchoma pembeni yake, akaendelea na kazi zake mpaka nikakila.

Mtandao wa simu ulipatikana kilimani tu, karibu na majukwaa ya miti ambako walipasua magogo kuwa mbao. Jumapili baada ya kanisa jirani mwenye simu alinipandisha huko, na mara nyingine ilishika. Sauti ya mama ilikuja na kukatika. Aliuliza kama ninakula. Nilisema ninakula. Aliuliza kama nina baridi. Nilisema huku wote tuna baridi. Kadiri Jumapili zilivyopita nilikuwa na machache zaidi ya kusema, si kwa hasira, ila kwa sababu mambo yangu yalikuwa ya kule na yeye hakuyajua. Ningemweleza nini kuhusu ng'ombe wa mtu asiyemfahamu?

Nikawa mtoto wa kule. Nilishika Kihehe upesi, nilijua ni mlango gani unaingia bila hodi na upi unasubiri. Wageni wa Bibi walipokuja, niliwapokea mimi: kushika mzigo, kutandika upande wa mlango, kumimina maji ya kunawa, kusubiri wamalize salamu ndipo nitoe chakula. Bibi alinisifu mbele ya watu kwa hilo, na mimi nilikuwa mtoto wa kupenda sifa.

Walikuja mvua zilipoisha, kama alivyosema. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Nilisikia Landrova, nikaijua kwa sauti, nikainuka, lakini viazi vilikuwa nusu na Bibi alikuwa shambani, na mtu wa kupokea wageni nilikuwa mimi. Mama aliingia ameinama kwa ule mlango mfupi. Alikuwa amekonda, kitambaa cha kichwani ni kilekile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekua jamani."

Nikapokea kikapu chake, nikakiegemeza ukutani. Yeye akazunguka moto moja kwa moja, akaja upande wangu, akainama kukaa pale kwenye gunia la Bibi, mikono imeshanyooka kunishika. Nami nikanyoosha wangu kumzuia, kwa upole, kama nilivyofundishwa.

"Mama, huku siyo kwa wageni. Karibu kule, nakutandikia."

Sikuwa na kisirani. Naomba mniamini, maana mama mwenyewe alichukua miaka kuamini. Kama ningekuwa nimekasirika ningemkimbilia, ningempiga ngumi, angejua la kufanya. Nilikuwa ninafanya vizuri kazi yangu ya nyumba. Mama alibaki nusu ameinama, nusu amesimama. Baba alikuwa mlangoni, akaanza kucheka, kisha akaona uso wa mama akaacha.

Bibi aliingia nyuma yao na jembe begani, akaelewa kwa kutazama tu, akanikemea kwa Kihehe. Halafu kwa Kiswahili: "Mwache mama yako akae."

"Hapana, mama," mama akasema. "Mtoto amesema kweli."

Akazunguka tena, akakaa karibu na mlango. Niliwamiminia maji ya kunawa, yeye na baba. Niliwapa viazi na maharage. Niliuliza kama niongeze mboga. Mama alisema, ahsante, imetosha, ni tamu sana.

Kesho yake nilikuwa nasugua sufuria kwa majivu nje, wao wamesimama upande wa pili wa gari wakidhani hawasikiki.

"Mafinga wameshachimba udongo," baba alisema. "Tumewaahidi."

"Najua."

"Na wale wa Ludewa."

"Najua. Nenda kawajengee. Mimi natafuta chumba."

"Na macho ya watu?"

"Hayo macho nimeyahangaikia tangu mama yangu alipopofuka," mama akasema. "Huyu nimemzaa."

Baba alikwenda peke yake kwenye vijiji vilivyoahidiwa, akavimaliza, akaiuza Landrova, akarudi kuwa fundi wa nyumba za watu. Vile ambavyo havikuahidiwa havikuona jiko letu. Wanawake wa kikundi cha kanisani walisikitika, na mmoja aliwahi kumwambia mama mbele yangu kwamba alikuwa ameanza kazi ya Mungu akaiacha njiani. Mama alisema ndiyo. Sikuwahi kumsikia akijitetea zaidi ya hapo. Bibi yeye hakulalamika nilipochukuliwa. Alinifungia unga na mahindi ya mbegu, akamshika mama mkono kwa muda wake uleule mrefu, akasema niletwe likizo. Nililetwa, likizo zote, mpaka tulipomzika.

Chumba tulichopanga kilikuwa Mbalizi, nyuma ya soko, chenye kibaraza na dirisha moja. Jioni ya kwanza mama alipika kwenye jiko la mkaa pale kibarazani, wali na njegere, akaingiza sufuria ndani, akatandaza mkeka sakafuni. Baba alikuwa bado Mafinga. Mama akapakua, akakaa, akanyoosha miguu. Mimi nilisimama na sahani yangu.

"Kaa tule."

"Wapi?"

"Popote. Hapa ni kwako."

Niliangalia chumba chote. Hapakuwa na moto katikati, wala uchaga, na sikuona upande wa ndani unaanzia wapi. Nikaenda kukaa karibu na mlango.

Mama alinitazama, mkono wake umesimama juu ya wali. Hakuniita nisogee. Alinyanyuka na sahani yake, akaja kukaa mlangoni pembeni yangu, tukala.